Vita, biashara au dini: ushike uzi upi unapoandika historia ya jamii?

Kila mwaka vijana wa kidato cha tano na cha sita ninaokaa nao Jumamosi alasiri hapa Moshi huniletea swali lilelile. Wametakiwa kuandika insha ndefu kuhusu namna jamii fulani ilivyobadilika, wamebakiwa na wiki chache, na wanataka kujua washike uzi upi kati ya vita, biashara na dini. Wapo wanaotaka kushika zote tatu kwa mkupuo, na hao ndio hupata tabu kuliko wenzao, kwa sababu kila aya yao huanzisha jambo jipya na hakuna hata moja linalofikishwa mwisho.

"Mwalimu, si zote zilichangia?" huniuliza. Zilichangia, na sijui mwanahistoria makini anayebisha. Hata hivyo kurasa kumi za mwanafunzi wa sekondari haziwezi kubeba nguvu zote tatu kwa uzito sawa. Lazima moja iongoze, na nyingine mbili ziitwe pale tu zinapohitajika. Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya yeyote anayesita mbele ya uchaguzi huo, awe mwanafunzi, mwalimu anayetunga mada, au mtu mzima anayetaka kuandika habari za ukoo wake wakati wazee wangali hai.

Ushauri wangu ni kwamba usichague kwa kujiuliza ni ipi iliyokuwa na nguvu zaidi duniani, kwa maana swali hilo halina jibu linalofaa mahali pote na nyakati zote. Chagua kwa kuangalia kasi ya mabadiliko unayotaka kuyaeleza na aina ya ushahidi unaoweza kuufikia. Vita vyaweza kubadili mtawala kwa siku moja. Biashara hubadili shamba, chakula na matarajio ya watu kwa miongo. Dini huchukua vizazi, lakini ikishaingia hukaa katika majina, mazishi na mpangilio wa juma, mahali ambapo amri ya mtawala hufika kwa shida sana.

Vita

Faida kubwa ya vita kwa mwandishi anayeanza ni kwamba huacha tarehe, majina na mahali. Chukua Old Moshi, mwendo mfupi tu wa kupanda kutoka mjini. Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli (mangi ni mtawala wa Kichagga) walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kamanda wa kikosi hicho, von Bülow, akapoteza maisha. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi chini ya von Schele, na safari hiyo wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa, na pamoja naye viongozi wengine 18 wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Haikupita hata miaka minane tangu ushindi wake. Mwanafunzi anayeuliza nani alitawala, kuanzia lini, na kwa nini wenyeji hawakuweza kumwondoa, hana uzi bora kuliko huu.

Vita pia humwonyesha msomaji gharama ambayo nguvu nyingine huificha. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi Machi 1916, na vitabu vingi huishia kwenye majina ya majenerali. Mzigo wa vita vile ulibebwa na wapagazi wa Kiafrika, ambao kwa upande wa Waingereza peke yake walikaribia milioni moja, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo kule Dar es Salaam, ambalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Watu hununua nguo na vyombo pale kila siku bila kujua kwamba wanataja jina la waliokufa.

Lakini vita vina kasoro mbili zinazopaswa kukutia hofu kabla hujavichagua. Ya kwanza ni kwamba taarifa nyingi zilizoandikwa ni za mshindi. Ripoti ya afisa wa Kijerumani itakuambia idadi ya bunduki zilizotekwa. Haitakuambia mama wa Old Moshi alilala wapi usiku ule na watoto wake. Ya pili ni kwamba mshindi wa vita si lazima awe mshindi wa jamii. Mwaka 1258 Wamongolia waliuangusha mji wa Baghdad na kumuua khalifa, na mtu aliyesimama juu ya magofu yale angeapa kwamba Uislamu umefikia mwisho wake katika nchi zile. Mwaka 1295 Ghazan, mtawala wa Kimongolia wa Uajemi na mzao wa Hülegü aliyeuteka mji huo, aliingia katika Uislamu. Anayeshika uzi wa vita peke yake hataweza kueleza ilikuwaje mshindi akachukua imani ya aliyeshindwa.

Kuna pia mambo tunayoyapa vita ilhali si yake. Mpaka wa Kenya na Tanzania unaopinda kuuzunguka Kilimanjaro hautokani na mapigano, wala hautokani na zawadi ya siku ya kuzaliwa ambayo Malkia Victoria alimpa mfalme wa Ujerumani, kama tunavyosimuliana vijiweni. Uliamuliwa katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, bila Mangi hata mmoja kuulizwa.

Biashara

Mwaka juzi binti mmoja wa kundi letu alikuja na bahasha ya kaki aliyoikuta katika sanduku la marehemu babu yake huko Kibosho. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kahawa za chama cha msingi, karatasi nyembamba zilizokwisha kugeuka rangi ya chai, kila moja ikiwa na uzito wa kahawa ya maganda iliyopokelewa na malipo ya awali. Pembeni, kwa penseli, babu alikuwa ameandika matumizi yake: "ada", "bati 12", "deni la mrututu". Tulikaa na karatasi zile saa nzima. Bati kumi na mbili maana yake nyumba ya majani ya migomba ilikuwa inaaga. Ada maana yake mtoto alikuwa anapelekwa shule kwa fedha ya shamba, si kwa hisani ya mtu. Deni la mrututu, ile dawa ya kupulizia mibuni, maana yake mkulima alikuwa amefungwa tayari kwenye mzunguko wa mikopo ambao mwisho wake uliamuliwa na bei ya nje. Hakuna ripoti ya vita ambayo ingetupa habari hizo.

Hii ndiyo sababu ninaipa biashara uzito wa kwanza kwa mtu anayetaka kueleza maisha ya kila siku. Ni polepole, haina siku moja ya kukumbukwa, lakini ushahidi wake ni vitu: shanga, sarafu, mizani, daftari za madeni, stakabadhi. Vitu havisemi uongo kwa urahisi kama taarifa za washindi.

Tazama kahawa yenyewe. Arabika ilioteshwa Kilema na mapadre wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wachagga wengi waliipanda ndani ya vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, chini ya migomba, jambo ambalo walowezi wa Kizungu walilipinga kwa nguvu kwa sababu hawakutaka kushindana na mkulima asiyelipa vibarua. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 ukasajiliwa muungano wa ushirika tunaoufahamu wote kwa jina la KNCU. Mwaka 1937 wakulima walewale walifanya ghasia wakipinga kulazimishwa kuuza kupitia ushirika huo. Mfululizo huu unaeleza kwa nini Kilimanjaro ilipata shule nyingi mapema, kwa nini ardhi ya kihamba ikawa ya kugombaniwa na ndugu, na kwa nini neno "ushirika" kwa mzee wa hapa si neno la kitabuni.

Nje ya mlima uzi huu unavutika mbali kuliko mingine miwili. Kilwa ilijengwa kwa dhahabu iliyotoka Sofala, na Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliukuta mji ulioneemeka kwa msimu wa pepo za kaskazi na kusi. Dola ya Mali, Afrika Magharibi, ilisimama juu ya dhahabu na chumvi iliyovuka Sahara, kiasi kwamba Mansa Musa alipopita Kairo mwaka 1324 akielekea Makka, dhahabu aliyoigawa ilishusha thamani ya dhahabu mjini humo. Hata maradhi hufuata njia ya bidhaa. Tauni iliyofika Sicily mwaka 1347 kwa meli za wafanyabiashara wa Genoa iliua labda theluthi moja ya watu wa Ulaya, na wakulima waliobaki Uingereza wakaanza kudai ujira mkubwa zaidi, hadi wenye mamlaka wakatunga sheria mwaka 1351 ya kuwazuia.

Hatari ya uzi huu ni upole wa jina lake. Neno biashara hutufanya tuwaze watu wawili walioridhiana sokoni. Katika biashara ya utumwa ya Atlantiki watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini kutoka Afrika, na karibu milioni mbili kati yao hawakufika ng'ambo wakiwa hai. Mwanafunzi anayeandika idadi hiyo na kuendelea na sentensi inayofuata kana kwamba ametaja magunia, hajaandika historia. Vivyo hivyo, Uingereza ilipopigana na China kuanzia 1839 hadi 1842, mojawapo ya madai makubwa yaliyokuwa mezani yalikuwa fidia ya kasumba iliyokamatwa na kuharibiwa na maofisa wa China, na Hong Kong ikachukuliwa katika mkataba uliofuata. Hapo mizani ya duka ilisukumwa na mizinga. Ukichagua biashara, jiulize katika kila ukurasa ni nani aliyekuwa na uwezo wa kusema "sitaki kuuza".

Dini

Uzi wa dini ni mgumu kuliko ile mingine miwili, nami simshauri mtu auchague kwa sababu tu anaipenda imani yake. Ugumu wake ni kwamba mabadiliko makubwa hutokea ndani ya watu, na ushahidi unaoonekana ni wa pembeni. Lakini upo, tena karibu nasi. Katika familia za Kilutheri za mlimani utasikia sana majina yanayoanza na Eli. Katika familia za Kikatoliki utakutana na Aloyce, Deogratias na Pelagia. Mtu akitaja jina lake, mara nyingi mzee wa hapa huweza kukisia anatoka upande gani wa mlima, kwa sababu wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walianzia Machame mwaka 1893 ilhali Kilema na Kibosho zilishikwa na mapadre wa Roho Mtakatifu.

Dini hueleza vizuri mambo ambayo nguvu nyingine huyaacha wazi, hasa kwa nini watu hutii bila kulazimishwa na kwa nini huwajali wasiowafahamu. Mfalme Ashoka wa India, baada ya vita vya Kalinga katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliagiza maneno yachongwe juu ya miamba akieleza majuto yake kwa watu waliouawa na kuchukuliwa mateka, na akaagiza visima vichimbwe na miti ya kivuli ipandwe kando ya barabara. Miamba ile bado inasomeka. Katika pwani yetu Uislamu uliwapa wafanyabiashara wa lugha mbalimbali sheria moja ya mikataba, mirathi na ndoa, na mabaki ya misikiti ya awali, ya tangu karne ya 8, yamepatikana Shanga, karibu na Lamu.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi katika insha za dini ni kuandika kana kwamba mababu zetu walikuwa vyungu vitupu vikisubiri kujazwa. Wachagga walimjua Ruwa, Mungu wao, kabla ya mmisionari wa kwanza, na jina hilo likaendelea kutumika ndani ya ibada mpya. Jani la sale, lile linalooteshwa kwenye mipaka ya kihamba, lilikuwa ishara ya kuomba msamaha, na hadi leo Mlutheri na Mkatoliki hulipokea kwa heshima ileile. Aliyeletewa sale hawezi kuendelea na ugomvi bila kuonekana mtu wa ajabu. Anayeandika juu ya kuingia kwa dini mpya bila kutaja yaliyokuwepo ataandika nusu ya habari.

Kosa la pili ni kuiita vita ya dini kila vita ambayo bendera zake zina alama ya imani. Vita vya Miaka Thelathini vya Ulaya, kuanzia 1618 hadi 1648, vilianza kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, lakini Ufaransa ya Kikatoliki, tena ikiongozwa na Kardinali Richelieu, iliisaidia Sweden ya Kiprotestanti dhidi ya watawala wa Kikatoliki wa ukoo wa Habsburg. Mtu asiyelijua hilo ataandika kurasa tano nzuri zenye hitimisho lisilo sahihi.

Zinapofungana fundo

Kuna matukio ambayo nyuzi zote tatu zimesokotwa pamoja, na hapo ndipo uchaguzi hupimwa. Mwaka 1204 wapiganaji wa msalaba waliokuwa wamekusudia kwenda kuikomboa Yerusalemu waliishia kuuteka na kuupora Constantinople, mji wa Wakristo wenzao. Walikuwa wameahidi kuwalipa watu wa Venice marki 85,000 za fedha kwa ajili ya meli na chakula, wakashindwa kumaliza deni, na deni hilo likawavuta hatua kwa hatua kutoka katika nia yao. Anayeuliza kwa nini waliondoka makwao ataanza na dini. Anayeuliza kwa nini hawakufika walikokusudia, lazima aanze na deni.

Mfano ulio karibu nasi unanigusa zaidi. Old Moshi haikuwa ya Walutheri tangu mwanzo. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walikuwa wamefungua kituo huko mwaka 1885, enzi za Mangi Rindi, baba yake Meli. Rindi alikuwa mshindani wa Mangi Sina wa Kibosho katika biashara ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopita hapa kutoka pwani, na urafiki na wageni ulikuwa sehemu ya mashindano hayo. Wajerumani waliposhindwa mwaka 1892 waliwashuku Waingereza wale kwamba waliwapa Wachagga moyo na silaha, na wamisionari hao wakalazimika kuondoka. Nafasi ikachukuliwa na Wajerumani wa Leipzig. Kijana wa Old Moshi anayeimba nyimbo za Kilutheri Jumapili anarithi matokeo ya mapigano ya siku chache. Swali lake linaonekana ni la dini, lakini uzi unaolijibu ni wa vita, na nyuma ya vita imesimama misafara ya biashara.

Akeri, upande wa Meru, inafundisha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Oktoba 1896 wapiganaji wa Arusha na Meru waliwaua wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, wakati kikosi cha Wajerumani cha Kapteni Johannes kilikuwa kimepiga kambi karibu. Kwa macho ya mpiganaji wa usiku ule, mgeni mwenye Biblia na mgeni mwenye bunduki walikuwa wamekuja kwa njia moja. Adhabu iliyofuata iliwapokonya wenyeji watu na ng'ombe wengi, na wapiganaji wa Kichagga walitumiwa kuitekeleza, jambo ambalo wazee wa pande hizi mbili bado hawalizungumzi kwa urahisi.

Sasa chagua

Ikiwa swali lako lina neno "lini" au "nani alitawala", chukua vita, lakini tafuta angalau simulizi moja ya upande ulioshindwa kabla hujaanza kuandika. Ikiwa linahusu walichokula, walichovaa, walikojenga na walichotamani, chukua biashara. Ikiwa linahusu kwa nini watu walikubali, walisamehe au walikataa jambo hata lilipowagharimu, chukua dini, ila jipe muda mrefu zaidi na usijitegemee wewe mwenyewe kama shahidi wa imani yako.

Kisha fanya jaribio ninalowapa vijana wangu. Chora mistari miwili wima kwenye karatasi upate safu tatu, moja kwa kila uzi, na uandike katika kila safu vitu unavyoweza kuvishika, kuvisoma au kuvisikia kwa masikio yako ndani ya mwezi mmoja: kaburi, barua, stakabadhi, daftari la ubatizo, simulizi ya mzee aliye hai. Safu yenye vitu vitano au zaidi ndiyo uzi wako, hata kama moyo ulikuwa umependa mwingine. Mara nyingi vijana huja wakitaka vita, kwa sababu Meli ni shujaa na anastahili, lakini safu ya vita huwa na vitu viwili na ya biashara huwa na vinane.

Kwa anayeandika insha yake ya kwanza hapa Kilimanjaro, au Meru ambako kahawa pia ilishika mizizi, ninapendekeza biashara bila kusita. Panda nyumbani mwishoni mwa juma, msalimie babu au bibi, kaa naye chini ya migomba, na usimuulize maswali makubwa ya mabadiliko ya jamii. Muulize fedha ya kwanza ya kahawa anayoikumbuka ilinunua nini, na nani nyumbani aliamua inunue nini. Andika jibu lake neno kwa neno, pamoja na mahali anaponyamaza.